Bahasha Tano za Alfajiri

Mchungaji Pyo alikuwa amebanwa na haja ndogo kwa saa nzima, lakini asingeinuka hata kama dari lingemwangukia. Benchi la mwisho lilikuwa na mtu.

Adabu hiyo Pyo na mkewe walikuja nayo kutoka kwao Mokpo, Korea. Ibada ya alfajiri ikiisha, taa huzimwa, kila mtu anaomba kivyake, na mchungaji haondoki madhabahuni mpaka muumini wa mwisho amalize. Kwa miaka miwili hakukuwa na wa mwisho wala wa kwanza. Pyo alihubiria mabenchi, akayabariki, akaenda zake nyumbani kunywa supu.

Wazee wa kanisa walikuwa wamechoka naye.

"Mchungaji, hizo taa tunamwashia nani?" Mzee wa kanisa Eom alimuuliza Jumapili iliyopita. "Hapa Los Angeles watu saa hizo wako kazini au wamelala. Wiki hii ikipita bila mtu, ibada ya alfajiri tunaifuta."

Moyo ulimuuma Pyo kwelikweli. Miaka kumi na tisa iliyopita alivuka bahari na vitu viwili tu vya maana: mke wake, na ibada ya alfajiri aliyofundishwa na mama yake. Wakiifuta, yeye atabaki nani? Mlinzi wa viti.

Basi Jumatatu alidamka mapema kuliko kawaida. Wiki hiyo nzima barabara ya mbele ilikuwa ikichimbwa, akaliegesha gari la kanisa uchochoroni nyuma ya jengo, akalisogeza mpaka likakaribia kugusa ukuta, kisha akapanda ngazi hadi ukumbini, juu ya maduka. Akaanza kuyahubiria mabenchi. Dakika kumi hazijaisha, mlango ukafunguka.

Aliingia Mkorea mwenye mvi, buti nyeupe za mpira miguuni, aproni kifuani, mikono imelowa. Akainama kwa heshima na kukaa benchi la mwisho. Pyo nusura azirai kwa furaha. Mahubiri ya dakika kumi na tano yakawa ya hamsini.

Msikivu wa namna ile hakuwahi kumwona. Kila Mchungaji aliponyamaza kuvuta pumzi, mgeni aliinuka nusu, mdomo wazi, kama anayetaka kutoa ushuhuda. Mchungaji akianza tena, mgeni anaketi na kuguna kwa uchungu. Zinamtoka hizo dhambi, Pyo aliwaza, akapandisha sauti.

Taa zilipozimwa, Mchungaji alipiga magoti akaomba, jicho moja limefumbwa na jingine linachungulia. Mgeni alikuwa akiligonga benchi kwa ngumi, akiitazama saa ya ukutani, akishika kichwa. Kulipopambazuka alichukua bahasha ya maombi pale mlangoni, akaandika upesi upesi, akaitumbukiza kikapuni na kutoka mbio.

Mchungaji naye akatoka mbio, kuelekea chooni.

Jumanne mgeni alirudi. Jumatano pia. Pyo hakutaka aonekane amechoka mbele ya muumini mpya, kwa hiyo kila siku aliongeza maombi: aliwaombea wagonjwa, wajane, Korea ya Kaskazini, Korea ya Kusini, na wazimamoto wote wa California. Magoti yalimvimba, roho ikanawiri. Na kila siku mgeni aliacha bahasha.

"Baba Ye-rin, si ufungue hata moja tujue anaitwa nani?" mkewe alimwambia Alhamisi, akimkanda magoti.

"Mama Ye-rin, bahasha za maombi husomwa Jumapili mbele ya watu. Ndivyo tunavyofanya."

"Basi kesho mfuate mlangoni, umsalimie."

"Nimtishe? Yule bado mchanga kiroho."

"Mchanga, na mvi zote hizo unazonisimulia?"

Sasa ilikuwa Ijumaa, na Mchungaji alikuwa amekunywa vikombe vitatu vya chai ya shayiri kabla ya ibada, kosa ambalo hatalirudia. Saa mbili kasoro mgeni akaandika, safari hii ukurasa mzima. Akageuka kuelekea madhabahuni, akainama mpaka kiunoni, machozi yakimlengalenga, akaondoka. Pyo naye alilia, kwa sababu mbili. Aliposhuka uchochoroni baadaye, harufu ya soya iliyochemshwa ilikuwa imejaa tele, naye akamshukuru Mungu hata kwa hiyo.

Jumapili ukumbi ulijaa watu ishirini na watatu, yaani kanisa zima. Mzee wa kanisa Eom alikaa mbele, mikono kifuani.

"Mlisema alfajiri haji mtu," Mchungaji alisema, akiziinua bahasha juu. "Hizi hapa tano! Za mtu mmoja, aliyekesha nami katika maombi wiki nzima!"

Akina mama walipiga makofi. Hata Eom aliikunjua mikono yake. Mchungaji akachagua iliyonenepa kuliko zote, ya Ijumaa, akaichana na kuisoma kwa sauti yake ya mimbarini, bila kuruka hata nukta.

"Mchungaji mheshimiwa. Mimi naitwa Bong, mwenye duka la tofu ya soya hapo chini. Dini yangu ni ya Budha."

"Amina," akina mama waliitikia kwa mazoea.

"Hii ni barua yangu ya tano. Kumkatiza mtu anayezungumza na Mungu wake ni utovu wa adabu, kwa hiyo kila siku nimekaa nikikungoja umalize, nawe humalizi."

"Amina."

"Nakuomba, popote utakapofikia, simama kidogo ushuke uliondoe gari lako. Limeziba mlango wangu wa kupakilia, na tofu ya siku tano imechacha."

"Amina!" aliitikia Mzee wa kanisa Eom, kwa sauti kubwa kuliko wote.