Tone Chini ya Kioo

Alfajiri chembe za damu zilikuwa mviringo. Sasa zilikuwa zimepinda kama mundu.

Thobias, dresa wa zahanati ya mgodi, alipangusa lenzi ya hadubini akatazama tena. Alijiuliza kama amechanganya vioo vya damu, lakini mezani palikuwa na kioo kimoja tu.

Daktari alikuwa amemweleza. Ndani ya chembe mna vijisehemu vidogo mno. Katika damu yenye ila hii, hewa ikiisha, kama chini ya kioo kilichozibwa, kimoja hushika kingine, nacho hushika kingine, kama ng'ombe wa plau kwenye mnyororo mmoja, mpaka chembe yote ipinde. Damu ya binti yake Mbuke, anayelia viungo kila masika, ilipinda hivyo. Ya mkewe pia.

Lakini hili tone lilikuwa lake mwenyewe. Alijitoboa kidole ili amwonyeshe mama yake damu nzima inavyokuwa. Hajawahi kuugua hata siku moja. Alishindwa kuelewa.

Mama yake aliingia, mkewe akimfuata na furushi kichwani.

"Umemaliza, baba? Nataka nimrudishe mkeo kwao kabla jua halijawa kali."

"Njoo utazame, mama."

Mama alifumba jicho moja, akainama.

"Hee. Mundu tupu. Si nilikwambia? Damu ya kwao hiyo."



Mkewe hakuitazama hadubini. Alikuwa akitazama pamba yenye damu kwenye kidole cha mumewe.