Sindano za Mzee Obonyo

Maximilla alifika kwenye geti la hospitali akihema, akamkuta Seline amemtangulia tena. Mke mdogo huyo alikuwa tayari anampitishia sista mfuko wa kemisti katikati ya vyuma vya geti.

"Mikayi, umechelewa," Seline alimwambia, sauti tamu kama sukari nguru. "Mzee ameshapata sindano yake ya leo."

Lo! Maximilla alimpima kwa macho kutoka utosini hadi miguuni. Yeye ndiye mikayi, mke wa kwanza, aliyeolewa na Obonyo wakati Obonyo hana hata baiskeli. Leo kasichana ka saluni ya Kondele kanamwambia amechelewa kwa mume wake mwenyewe!

Ilikuwa miaka ile ya korona. Wodini haingii mtu. Ndugu walikusanyika getini, barakoa kidevuni, wakituma uji ndani na kungoja habari. Obonyo, mchuuzi wa samaki, alikuwa amerudi kutoka Luanda Kotieno akikohoa mpaka anainama, na gari la wagonjwa likamchukua, wake zake wakiwa bado wanabishana nani apande naye.

Seline ndiye aliyesikia kwanza kwamba kuna sindano ya antibiotiki inayomrudisha mgonjwa kutoka kaburini. Akainunua mjini. Maximilla alipopata habari aliuza mbuzi, akaenda kemisti ya Obunga akataka iliyo kali zaidi.

"Kali kuliko ipi, mama?" mwenye duka aliuliza.

"Kuliko ya yule mwingine."

Kilichomnyima usingizi hakikuwa korona peke yake. Obonyo akipona, ataingia nyumba ya nani kwanza? Mila ilisema kwa mikayi. Lakini Obonyo alikuwa mtu wa kufuata moyo, na moyo wa mgonjwa humfuata aliyemtibu. Akiupita mlango wa Maximilla na kwenda kwa Seline, boma zima litaona, na Maximilla atabaki mikayi wa jina tu.

Asubuhi moja Daktari Wasike mwenyewe alitoka hadi getini, macho mekundu kwa uchovu.

"Kina mama, nawaomba. Korona ni virusi. Dawa hii inaua bakteria, virusi haivigusi. Tukidunga kila mtu ovyo, kesho itakataa kumsaidia anayeihitaji. Wodi nzima anayeihitaji ni mmoja tu, na si mzee wenu."

"Huyo mmoja ni nani, mtoto wa waziri?" Maximilla alifoka. Akamgeukia Seline. "Ni wewe umemwambia akatae yangu!"

"Yako ya Obunga? Nani ana haja nayo?"

Wangeshikana nywele pale pale kama simu ya Maximilla haingelia. Alikuwa Obonyo.

"Mpeni sista hizo dawa," alisema, kikohozi kikimkatiza. "Daktari nimeongea naye, amekubali. Leteni tu, msichoke. Haki ya Mungu, zinasaidia."

"Zangu ama zake?"

"Zote, Mama Sydney. Zote."

Tangu siku hiyo ikawa mashindano. Seline akileta mfuko mmoja, Maximilla analeta miwili. Seline akija asubuhi, Maximilla anakuja alfajiri. Khadijah, mama aliyekuwa akimngojea kaka yake pale getini, alijaribu kumtuliza.

"Dada yangu, wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda."

"Wacha nikonde," Maximilla alijibu. "Mradi aingie kwangu."

Na kweli, simu za Obonyo zikaanza kuleta heri. Homa imeshuka. Usingizi umekuja. Uji umeliwa wote, bakuli limerudi tupu. Maximilla alimshukuru Mungu kwa machozi, kisha akataka kujua kama uji wenyewe uliliwa kabla ya sindano ya Seline au baada ya yake.

Siku ya kuruhusiwa, Maximilla alipiga nyumba deki, akachinja jogoo, akatandika shuka ambazo hazijawahi kulaliwa. Getini akamkuta Seline naye ananukia manukato. Wote wawili walivaa nguo za kanisani, na hakuna aliyemsalimia mwenzake.

Obonyo alitoka kwa miguu yake, mzima kabisa. Maximilla hakungoja. Akamdaka sista mkono.

"Sista, sema mbele ya huyu. Ni sindano za nani zimemponya mume wangu?"

Sista alishangaa. "Mzee? Huyu hajadungwa hata moja. Oksijeni kidogo na uji vilimtosha. Za kwenu alituomba tumpe yule wa nimonia, maana za hospitali zilikuwa zimeisha."

"Yule nani?" wakauliza kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kusema kitu kimoja tangu wawe wake wenza.

Obonyo alirudi mlangoni, akatoka akisukuma kiti cha magurudumu taratibu. Msichana aliyekalia kile kiti alikuwa amekonda, lakini mrembo hata hivyo, na aliwainamishia kichwa kwa adabu.

"Huyu ni Debra wa Luanda Kotieno," Obonyo alisema, akimtazama Maximilla kwa upole ambao hakuwa ameuona kwa miaka mingi. "Mikayi, twende kwako. Unajua mila yetu: mke mpya hukaa kwa mkubwa mpaka nyumba yake ijengwe."