Kamera ya Tata Ngeleka

"Citoyen, nilikuomba filimu. Si kofia," alisema kapiteni.

Ngeleka aliikunja kofia yake mikononi. Kamera aliyoileta ilikuwa tayari juu ya meza.

Tshilombo, mwanafunzi wake, alikuwa kifungoni siku ya nne. Alikamatwa karibu na Musonoi, amemaliza kulipiga picha daraja la reli. Vita ilikuwa imepita mwaka mmoja tu, na mtu wa namna hiyo aliitwa mpelelezi. Mwenzake Ndaya alifaulu kukimbia na kamera bila kutambuliwa. Kesho Tshilombo angepelekwa Lubumbashi, na waliopelekwa huko hawakurudi.

Zamani Ngeleka alikuwa anatengeneza filimu, na Kolwezi nzima ilikuja kuzitazama. Kazi ilipokufa akafungua darasa uani kwake. Sita kati ya wanafunzi wake wa kwanza leo wanashika kamera kwenye televisheni ya Kinshasa. Kila Jumamosi wanafunzi walipiga picha, naye alisema filimu inaenda Ulaya kuoshwa. Baadaye aliwasahihisha: hapa umekata kichwa, pale mkono ulitetemeka.

"Filimu!" kapiteni alipiga meza.

Mlangoni walisimama Ndaya na wanafunzi wenzake. Ngeleka hakuthubutu kugeuka.

"Fungua, kapiteni. Haiko na kitu. Miaka tisa haiyaona filimu."

"Na ile ya Ulaya, watu wanayosema?"

"Nilibadanganya batoto."

Kapiteni alifungua, akatia kidole ndani, akakizungusha. Kisha akacheka mpaka akashika tumbo.

"Batoto ya watu unabafundisha na sanduku! Na ule mupumbavu wako, siku nne tunamupiga, filimu iko wapi, filimu iko wapi, anafunga kinywa tu. Kumbe hata yeye hakujua! Mumutoshe, aende. Nitaua mujinga bure?"

Askari wawili walimleta Tshilombo wakimshika makwapa. Jicho moja lilikuwa limefungika. Ngeleka alianguka magoti mbele yake, wanafunzi wote wakitazama.

"Nisamehe, mwanangu. Walikuumiza juu ya bitu bya uongo wangu."

Tshilombo alitaka kumwinua, lakini vidole havikukunjika.

"Simama, tata. Tulijua bote kama kamera haina filimu. Bale banafunzi bako ba kwanza, ba Kinshasa, ndio balituapisha siku ya kwanza: mwalimu, musimupatishe haya."