Mrija Mmoja

Pombe ya ndizi ilikuwa tele mdomoni mwa Ernesta aliposikia ng'ombe wakilia uani.

Aliyataka mwenyewe. Likizo ile ya mwaka sabini na sita alirudi kijijini kwao Titye kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam, alikosomea sosholojia, akasema anachunguza desturi za uchumba.

"Uchumba hauelezeki kwa maneno, mwanangu," shangazi yake alimwambia. "Tutakuigizia, ujionee."

Basi akakaa mkekani, akafunikwa kitenge kichwani. Kijana wa jirani akaletwa awe mchumba wa kuigiza. Wakawekewa kibuyu kimoja na mrija mmoja. Kijana akavuta kwanza, kisha yeye.

Sasa ndipo alipoona yule kijana amevaa viatu vipya vinavyombana vidole. Mtu anayeigiza hanunui viatu kwa ajili ya mchezo.

Ernesta alimgeukia shangazi yake. Kusema hawezi, kinywa kimejaa.

"Meza, mwanangu," shangazi alinong'ona. "Ukimeza umekubali. Ukitema, umemtukana baba yako mbele ya wakwe."

Wazee waliokaa ukutani, aliodhani wamekuja kutazama mchezo, waliinama mbele wote, wakimwangalia koo.

Kiganja cha shangazi kilitua kisogoni pake, taratibu, kama cha mtu anayemnywesha mtoto dawa.

Pombe ilianza kupata joto juu ya ulimi. Huko uani baba yake alikuwa akipiga mluzi, akipachika miti ya kufungia mlango wa zizi ambalo hadi jana halikuwa na ng'ombe.