Kibao cha Dawa

Odero alikuwa amepiga magoti kwenye umande, aking'oa kibao kilichoandikwa DAWA. Akakisimika upande wa pili, penye ngano ya kijani. Kile cha BILA DAWA akakipeleka mahali ambapo baridi ya Julai ilikuwa imeunguza kila jani.

Mulei ndiye aliyepanda vipande hivyo viwili: kimoja kwa mbegu zilizolowekwa dawa ya kustahimili baridi, kingine kwa mbegu za kawaida. Kisha Mulei akahamishwa, na Jumatatu Odero akakabidhiwa shamba bila ramani, vibao tu. Leo ilikuwa Jumatano, na tayari mkewe Akoth alikuwa amewatangazia watu wote wa Noonkopir kwamba mume wake amepata kazi, anafundisha ngano kuvumilia baridi.

"Sopa, daktari," mlinzi, mzee Kuntai, alimsalimu kwa Kimaasai kutoka langoni. "Niko na neno kidogo."

"Baadaye, mzee. Fungua lango, wageni wamefika."

Madam Florence, mkubwa wa kampuni, alishuka garini, akasoma vibao, akapiga makofi kama yuko kanisani. "Msimu ujao wakulima wote wa Kajiado watapata hii dawa!"

Mzee Simel, jirani ambaye ngano yake iliuawa na baridi miaka miwili mfululizo, alimshika Odero mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akuweke, kijana yangu. Nauza ng'ombe wote, napanda ngano."

Akilini Odero alimwona mzee huyo amesimama katikati ya shamba lililoungua, hana hata ndama.

"Madam," alisema, "nimedanganya. Asubuhi hii nimebadilisha vibao. Iliyokufa ndiyo ya dawa."

Mzee Simel akauachia mkono wake polepole. Madam Florence hakufoka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alichukua funguo za stoo, akaamuru mitungi yote ya dawa irudishwe Nairobi ikateketezwe, na jaribio lifungwe siku hiyo hiyo. Gari likaondoka, vumbi likatulia.

Odero aliketi kwenye jiwe. Ajabu ni kwamba kifua kilikuwa chepesi. Kazi hana, na Akoth sijui atamwambia nini, lakini ng'ombe wa watu wamepona. Alikuwa karibu kutabasamu Kuntai alipofika kutoka langoni, akiwa na uso wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Daktari, umeniokoa," alisema. "Jumapili ng'ombe waliingia hapa wakaangusha vibao, na mimi kwa haraka nikavirudisha kinyume. Tangu hapo naogopa kukwambia. Kumbe leo asubuhi umeona mwenyewe, ukavirekebisha!"