Kuku Aliyeachwa na Binti

Eudocia alikuwa uani kwake mkoani Olancho, amempakata kuku mgonjwa na kulikanda gole lake, kile kifuko cha chakula shingoni, lililokuwa gumu kama ngumi, binti yake alipopiga simu kutoka Marekani.

"Kuku wako anaumwa kidogo," Eudocia alimwambia. "Nimemnywesha mafuta. Ukirudi Krismasi utamkuta anataga."

Jirani akadakia kutoka ng'ambo ya ua. "Mchinje, shoga! Tule supu na chapati za tortila."

"Mchinjeni tu, mama," binti akasema. "Nimeshaolewa huku. Sirudi tena."

Vidole vya Eudocia viliendelea kukanda taratibu, mpaka akahisi gole linalainika, na kuku akafumbua jicho moja.

"Mama? Unanisikia?"

"Subiri, mwanangu," alisema. "Anataka maji."