Skuli Isiyo na Mjinga

"Wallahi, hii kweli tupu," Soud aliwaambia wazee wenzake barazani kwake, Al-Mahjar, Jeddah. "Siku hizi serikali inazipima skuli kwa mtihani, na ya mjukuu wangu haina mjinga hata mmoja. Paka wao anajua kugawanya! Nikiongopa, nambeba mtoto huyo mgongoni mpaka langoni pa skuli."

Mjukuu akatoka na nguo za kulalia, penseli mkononi.

"Kwani mtihani si leo?"

"Ndiyo leo, babu. Mwalimu kasema sisi tusiojua hesabu tusiende, tutaishusha skuli."

"Haya, Soud, inama!" mzee mmoja akacheka, peke yake.

Soud aliitazama penseli. Ilikuwa imechongwa vizuri, ncha haijagusa karatasi.

"Kavae sare, upesi," alisema, akichuchumaa. "Mgongo unakungoja."